Dozi Haijaisha

Jumatatu, 4 Machi

Naandika kwa sababu katika nyumba hii siruhusiwi kusema. Mume wangu ni mlinzi wa usiku, mchana analala, na hilo nimelizoea. Leo ameongezeka wa pili. Binti yangu wa mwisho amelala chumba cha nyuma na kitambaa machoni, na kila nikifungua mdomo ananyoosha kidole juu kama mwalimu. Anasema sauti inamzidishia kichefuchefu. Haya. Nimeokota daftari lake la zamani lenye kurasa tupu, nitasemea humu. Shule niliishia darasa la nne, lakini mdomo sikuuacha huko.

Kilichotokea ni hiki. Asubuhi aliinuka aende kazini, nikasikia kishindo. Nikamkuta sakafuni amekumbatia mguu wa kitanda kwa mikono miwili, kama mtu aliyeng'ang'ania mti kwenye mafuriko. Akaniambia, "Mama, izuie nyumba." Nyumba imetulia tuli, mvua ya kwanza ndiyo kwanza inagonga bati. Akatapika mpaka ikawa anatapika hewa.

Yeye ni fundi wa paa. Ndiyo, msichana. Anatembea juu kwenye kenchi, zile mbao za kubebea bati, wakati wanaume wengine wanatambaa kwa magoti. Wenzake wanamwita Mjusi. Jina hilo silipendi, lakini limemganda hata baba yake analitumia. Tangu aanze kazi hiyo nimeishi nikisubiri mtu aje mlangoni kuniambia kaanguka. Sasa kaanguka. Kutoka kitandani.

Hospitali tumefika yeye akiwa amelala kiti cha nyuma cha teksi, mimi nimeshika ndoo. Daktari ni mwanamke kijana mwenye miwani. Nilijua ataanza na malaria, halafu presha. Hakuanza na lolote. Alimtazama macho, na kweli macho yalikuwa yanarukaruka kwenda upande mmoja, kama ya mtu anayesoma mstari uleule asiumalize. Kisha akamshika kichwa kwa mikono miwili akakigeuza ghafla, nami nikainuka kutoka kwenye kiti changu, maana mwanangu si bomba la kufungua. Akasema ni sikio. Nikamwambia huyu anasikia vizuri sana, anasikia mpaka mambo ambayo sijamwambia. Daktari akacheka. Akasema si sikio la kusikilizia, ni kule ndani zaidi, ambako mwili unajua kama umesimama au umeinama. La kushoto limeumwa, pengine ni kirusi tu, kama kile cha mafua.

Akachomwa sindano, dunia yake ikapunguza mwendo. Tukaandikiwa vidonge vyeupe vidogo kama punje za mchele. Ameze siku tatu, visizidi, halafu aanze mazoezi, na hali isipobadilika turudi. Muuza dawa akatupatia boksi zima.

Jumanne, 5 Machi

Amelala. Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Vidonge ni vizuri, sisemi uongo. Leo amekaa mwenyewe kitandani, amekunywa chai, haikurudi.

Tumegombana kwa kunong'ona. Mchana nimempelekea kidonge na maji, akasema siku tatu zimeisha. Nikamwonyesha boksi, limejaa bado. Tangu nizae mtoto wangu wa kwanza, kila aliyevaa koti jeupe ameniambia neno moja: maliza dozi. Limeandikwa ukutani kwenye zahanati, na chini yake wamechora mama amebeba mtoto. Ukijisikia nafuu usiache, maliza dozi. Kaka yake mkubwa alipokuwa mdogo tuliacha dawa ya kifua katikati kwa sababu kachangamka, ugonjwa ukarudi umeleta na ndugu zake. Sasa huyu daktari wa juzi anasema siku tatu. Kama ni za siku tatu, waliojaza boksi walikuwa wanajaza nini?

Amemeza. Alinitazama kwanza, lakini amemeza.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi alikataa kidonge kwa makusudi, ajaribu. Saa sita alikwenda bafuni akipapasa ukuta, akarudi jasho linamtoka, anasema sakafu ni laini kama godoro na ukuta unamsogelea. Nilileta kidonge na maji tu. Baada ya muda akatulia akalala.

Nani sasa anajua dozi?

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemfumania na hayo mazoezi. Karatasi waliyompa ina picha za mtu asiye na nywele. Unanyoosha kidole gumba mbele ya uso, unakikazia macho, huku unatikisa kichwa kulia na kushoto. Halafu unatembea huku unageuza shingo. Mwanangu alikuwa katikati ya chumba, kidole kimenyooka, anatikisa kichwa kama anayekataa mchumba, na uso umekuwa rangi ya majivu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anatibiwa. Nikamwambia mtu mwenye kidonda hatibiwi kwa kukikuna, nikamrudisha kitandani, na ile karatasi nimeiweka juu ya kabati.

Baba yake aliamka, akauliza kuna nini. Nikamwambia lala.

Alhamisi, 14 Machi

Bati linavuja juu ya kitanda changu mimi. Nyumba ya fundi wa paa. Nimeweka beseni, sasa nasikia tone, tone, tone, kama mtu ananidai jibu. Nilipomwambia Mjusi, alinijibu kwa macho yaliyofumbwa kwamba ni msumari umelegea karibu na ukuta, haichukui hata nusu saa. Asante. Baba yake akasema atapanda yeye. Nikamuuliza apande na kiuno kipi.

Jumapili, 17 Machi

Jirani yetu wa ukuta mmoja tunamwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Amekuja kumjulia mgonjwa hali. Kwanza akasema ni kijicho, watu wamemtupia jicho mtoto wa kike anayeshika nyundo. Nilipomwambia ni sikio, akasema shangazi yake alikuwa na sikio akalimwagia mafuta ya moto. Nikauliza alipona? Akasema hapana, ila alitulia. Mwishoni akashusha sauti, ambayo kwake ni sawa na kelele za mtu wa kawaida, akauliza kama tumempima, unajua, kizunguzungu na kutapika kwa msichana...

Mjusi alijibu kutoka chumbani, "Shangazi, nikizaa nitakuita umshike, labda atalala kwa kukukimbia."

Redio alicheka mpaka akamwamsha mume wangu. Nami nilicheka, wiki mbili hizi sikuwa nimecheka. Lakini alipoondoka nikaona binti yangu amegeukia ukutani, na ameshika ukingo wa kitanda kwa vidole vinne.

Jumatano, 20 Machi

Bosi wake amekuja. Ni mtu mrefu, mkimya, anasimama wima kama mti wa nguzo, ndiyo maana mafundi wanamwita Timazi, kile kizito cha kamba wanachopimia ukuta. Alivua viatu mlangoni ingawa nimemwambia asivue.

Alileta habari ambayo mwingine angeshangilia. Mvua zikikatika anaanza kuezeka ukumbi mkubwa, paa refu kuliko yote aliyowahi kufanya, na anataka Mjusi awe kiongozi wa mafundi kule juu. Sita watamfuata yeye. Kwa sasa mahali pake pamehifadhiwa. Ila mvua zikikatika na yeye bado amelala, atalazimika kumpa mtu mwingine, kazi haisubiri sikio.

Binti yangu alikaa akanyooka, akajifanya mzima. Alishika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike. Akasema, "Bosi, nitakuwa tayari." Timazi akamtazama kichwa ambacho kilikuwa kinaning'inia kidogo upande wa kushoto.

Nimeandika hapa kile nisichoweza kumwambia mtu: mvua inyeshe. Inyeshe mpaka mwakani. Huku chini hakuna kiongozi wa kitu chochote, lakini hakuna anayevunjika shingo.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Amelala. Ameamka, amekula, amelala.

Jumapili, 24 Machi

Vilevile. Analalamika mdomo mkavu. Anaanza sentensi anaisahau katikati.

Jumanne, 26 Machi

Boksi limekwisha. Nimekwenda duka la dawa nikanunua jingine. Muuza dawa aliniuliza dawa ni ya nani na anameza tangu lini, nikamjibu, akapandisha mabega, akanipa. Kama kulikuwa na ubaya si angesema?

Jambo linaloniudhi ni kwamba haendi mbele. Hatapiki, nyumba haizunguki, hilo limekwisha. Lakini akitembea ni kama mlevi aliyejificha. Akigeuka ghafla anatafuta kitu cha kushika. Karibu mwezi sasa. Dawa inamtoa majini, halafu inamwacha ukingoni. Nikajiambia labda inataka muda. Dozi kubwa, ugonjwa mkubwa.

Jumatatu, 1 Aprili

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi, mtanisamehe mwandiko.

Mjusi alitoroka. Nilikuwa uani nafua, akatoka mlango wa mbele kwenda kazini kwao kuonyesha kwamba yupo. Hakufika. Pale barabara inapopinda, lori lilipita, akageuka kulitazama, akaenda chini kwenye tope. Akainuka, akaenda chini tena. Watu waliokuwa wamejikinga mvua chini ya kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi wakacheka. Mmoja akasema mapema hivi na tayari amelewa. Wengine wanamjua. Ni mafundi, wananunua misumari hapo kila siku.

Mwenye duka ndiye aliyemrudisha, amemshika kiwiko. Mwanangu hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, tope mpaka kwenye nyusi, akaniambia, "Mama, wameniona." Basi.

Jioni Timazi akatuma ujumbe kwamba amesikia, anampa pole, na kwamba amezungumza na fundi mwingine kuhusu ukumbi. Bado hajaamua, ila amezungumza naye.

Nimemwogesha mtu mzima kama nilivyokuwa namwogesha akiwa na miaka mitatu. Halafu nikampa kidonge. Kesho kutwa nakwenda kwa yule daktari, na safari hii nitasema mimi.

Jumatano, 3 Aprili

Nimesema.

Nilianza hata kabla sijaketi. Nikamwambia daktari dawa yako haiponyi. Nimemlea mtoto huyu akitembea juu ya ubao wa upana wa kiganja, sasa anashindwa na barabara. Kama dawa ni dhaifu tupe yenye nguvu, kama ni ugonjwa mwingine tuambie, sisi si watoto. Mjusi alikuwa pembeni yangu anatazama viatu.

Daktari alinisikiliza. Akaniuliza vile vidonge aliacha lini. Nikamwambia kwa fahari kabisa kwamba hajaacha, amemaliza dozi moja na sasa yuko kwenye ya pili, hajakosa hata siku moja, ninampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu.

Akaweka kalamu mezani. Si kwa hasira. Aliiweka taratibu, kama mtu aliyegundua anachokitafuta kimo mkononi mwake.

Nitaandika alivyonieleza, maana nimeelewa na sitaki kusahau. Sikio la kushoto limeumwa, na nguvu yake huenda isirudi yote. Kwa hiyo ubongo unapokea habari mbili zisizolingana: la kulia linasema tumesimama, la kushoto linanyamaza. Siku za kwanza ugomvi huo ni mkubwa, ndiyo nyumba inazunguka, na hapo dawa inafaa kweli, inaunyamazisha ugomvi ili mtu aache kutapika. Lakini baada ya hapo ubongo lazima ujifunze upya kusimama kwa kutegemea sikio moja, na macho, na miguu. Unajifunza kwa kuyumba. Kila akiyumba, unasahihisha. Vidonge vinaulaza ubongo. "Mama," akaniambia, "umemfungia mwanafunzi usingizini mwezi mzima, kisha unashangaa hajui kusoma."

Nikamuuliza, na dozi? Dozi si inamalizwa? Akasema dawa za kuua vijidudu zinamalizwa, vijidudu visije vikabaki. Hii haiui kitu. Hii ni mkongojo tu, unauacha mguu ukipata nguvu, usipouacha mguu hautapata nguvu.

Nimekasirika, na nimekasirika na kila mtu. Nimekasirika na ukuta wa zahanati na yule mama aliyechorwa. Nikamwambia daktari ungesema hivyo siku ya kwanza, ukasema na sababu yake, si "siku tatu visizidi" kama kondakta anayetaja nauli. Akasema kweli, alipaswa kueleza. Hilo lilinimaliza, maana nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano.

Kisha nikamgeukia mwanangu. Nilitaka kumwambia nisamehe, lakini nikaanza kulia kama bomba lililopasuka. Akanishika mkono. Akasema, "Mama, nina meno. Ningeweza kuvitema. Nilimeza kwa sababu nami nilikuwa naogopa."

Atapunguza vidonge kidogo kidogo wiki hii, halafu basi. Vichache tumeambiwa tubaki navyo kwa dharura: kama nyumba itazunguka tena kweli, na matapishi, apewe kimoja na tumlete. Kama anayumba tu, hapana, hata akilia.

Kazi yangu mimi, anasema daktari, ni kutembea nyuma yake na kutomshika.

Ijumaa, 5 Aprili

Kutomshika! Wangenipa kazi ya kubeba mawe.

Jumatatu, 8 Aprili

Kidonge cha mwisho leo asubuhi. Karatasi ya mtu asiye na nywele imeshuka kutoka kwenye kabati.

Alhamisi, 11 Aprili

Tulivyokosea ndivyo tunavyolipa. Siku hizi tatu ni mbaya kuliko mwezi mzima. Anatembea sebuleni kutoka mlango wa jikoni mpaka mlango wa mbele, akigeuza shingo, mimi nyuma yake mikono imefungwa ndani ya aproni. Akienda kushoto nami naenda kushoto bila kupenda, tunayumba wawili. Mume wangu aliamka akatukuta hivyo, akasimama mlangoni amevaa bukta. Akauliza muziki uko wapi.

Mjusi aliketi sakafuni akacheka, kisha akatapika, kisha akacheka tena. Nilimtazama macho kama daktari alivyonionyesha. Hayarukiruki. Ni kichefuchefu cha mwendo tu, nikampa maji.

Jumapili, 14 Aprili

Timazi ametuma fundi mmoja akagonga msumari juu ya kitanda changu. Nusu saa, kama mgonjwa alivyosema. Beseni limerudi uani, sasa silali kwa ukimya.

Alhamisi, 18 Aprili

Amekwenda dukani akarudi. Na mkate. Ameubonyeza ukawa bapa, lakini kauleta.

Jumatatu, 22 Aprili

Leo nimefanya jambo gumu, wacha niliandike lote.

Mvua ilikuwa nyingi na mwanga mdogo, na katika mwanga mdogo yeye hupoteza nusu ya anachokitegemea. Mchana alijaribu kusimama kwa mguu mmoja huku amefumba macho, ni zoezi jipya hilo, akaangukia meza. Akajaribu tena, akaangukia meza. Akaipiga meza ngumi. Halafu akasikia kutoka dirishani mafundi wawili wanapita na ngazi begani, wanataniana kuhusu ukumbi, nani atakuwa juu ya nani. Akakaa chini pale pale.

Akaniomba kidonge.

Si kama mtoto. Aliniomba kwa adabu, kama mtu mzima anayemwomba mtu mzima mwenzie. Akasema kimoja tu, apumzike siku moja bila kuyumba, kesho ataendelea. Vilikuwa mfukoni mwa aproni, mimi ndiye navitunza. Nilisikia karatasi ya vidonge ikichakacha nilipoigusa.

Mwezi ule mzima nilimmezesha akiwa hataki. Leo anataka. Nikajiuliza kama Mungu hana kazi nyingine.

Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia nitazame. Nikamtazama macho: yametulia. Nikamuuliza nyumba inazunguka au wewe ndiye unayumba. Alitaka kunidanganya, nilimwona akitaka. Akasema, "Ninayumba."

Nikamwambia basi hapana.

Akasema, "Mama, unanitesa." Nikamwambia ndiyo, ninakutesa, inuka. Akasema ulipokuwa unanipa ulikuwa unanipenda. Hilo lilinichoma. Nikanyoosha mkono nimwinue, halafu nikakumbuka, nikaurudisha kwenye aproni. Alichukua muda mrefu. Alijiinua kwa kushika kiti, kisha akaachia kiti. Alisimama kwa mguu mmoja, amefumba macho, machozi yanatoka chini ya kope, akayumba kama bendera, na hakuigusa meza.

Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikaegemea sinki.

Usinitazame nikiogopa kila kitu ukadhani sijui kitu. Leo nilijua.

Jumamosi, 27 Aprili

Redio amesema mgonjwa kapendeza. Nilimpa chai.

Jumamosi, 4 Mei

Baba yake amerudi lindoni na ubao mrefu, aliuokota wapi sikuuliza. Ameuweka uani juu ya matofali, urefu wa goti hivi. Mjusi ameutembea wote, akageuka, akarudi. Nilikuwa nyuma yake, na nimegundua kitu kinachoniudhi: mimi ndiye niliyeanguka.

Jumanne, 7 Mei

Kifundo cha mguu. Nimekaa na maji ya baridi. Ameleta chai yeye, amevuka uani na vikombe viwili bila kutazama chini.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Kesho tena jua, wanasema redioni, ile ya kweli. Mvua zimekatika mapema na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 19 Mei

Timazi amekuja. Safari hii hakutaka kumwona Mjusi kwanza. Alimwambia baba yake anaomba kuongea na mama, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha jikoni ambacho magoti yake hayakutosha.

Akasema asubuhi hii kamjaribu binti yangu kwenye jukwaa la mbao, la urefu wa chini. Ametembea vizuri, taratibu kuliko zamani, lakini vizuri. Yeye mwenyewe, Mjusi, anasema yuko tayari. Ila Mjusi alisema yuko tayari na mwezi wa tatu pia, huku ameshika kikombe kwa mikono miwili. Daktari ameandika kwamba anaweza kupanda akiwa amefungwa kamba. Daktari hamjui. "Wewe ndiye umekaa nyuma yake," akasema. "Watu sita watamfuata kule juu. Akiyumba yeye wanayumba wote. Nikuulize wewe, mama. Nimpandishe?"

Huu ndio mlango niliokuwa nauombea miaka yote. Neno moja tu. Ningesema bado, na Timazi angeinama, angevaa viatu, angempa mwingine, na hakuna ambaye angenilaumu. Ningekaa na mtoto wangu chini ya bati lisilovuja mpaka nizeeke. Nilikuwa nalo neno hilo mdomoni, nasema kweli, lilikuwa tamu.

Lakini yeye aliniuliza ninachokijua, hakuniuliza ninachokiogopa. Na ninachokijua nakijua. Najua akigeuka kushoto haraka dunia yake inachelewa kidogo, kisha inamfikia. Najua akiwa na usingizi anakosea, akiwa na njaa anakosea zaidi. Najua gizani hafai. Najua mwezi uliopita alikuwa anaanguka na hakuwa ananiambia, na sasa akiyumba anasema mwenyewe, "nimeyumba," kama mtu anayetaja saa.

Nikamwambia Timazi ampandishe. Nikamwambia asubuhi na mchana tu, jioni mwanga ukipungua ashuke hata kama limebaki bati moja. Kamba siku zote, na nikisikia siku moja hakuna kamba nitakuja mwenyewe na mguu huu. Ale kabla ya kupanda. Na mtu yeyote asimwite kutoka nyuma, mtu akitaka kumwambia kitu azunguke mbele yake kwanza.

Timazi alikuwa anatingisha kichwa kwa kila neno. Akaniuliza kama kuna jingine. Nikamwambia liko, asiponirudishia mtoto wangu nitamfanya timazi kweli, nitamning'iniza. Akasema ameelewa.

Kisha nikakaa jikoni peke yangu, natamani kumkimbilia nimwambie nimebadili mawazo. Alivyo mrefu, tayari alikuwa mbali.

Jumatatu, 20 Mei

Ameondoka saa moja. Amekula mayai mawili nikiwa nimesimama juu ya kichwa chake. Alinibusu shavuni akaniambia nisiende kule kutazama. Nani alisema ninakwenda?

Nimefua vilivyo safi. Nimepika nikasahau kuwasha jiko. Redio alikuja kunipa habari za mji mzima, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimwomba aendelee.

Jioni

Amepanda. Ameshuka. Amesema juu kuna upepo, na kwamba mafundi wawili kati ya wale sita hawajui kushika nyundo, na kwamba chakula kimepoa. Nimemwambia jiko liko pale, miguu anayo.